Tope la Kwanza

"Inua kisigino, baba."

Mzee Galgalo aliegemea fimbo yake, akainua kisigino. Mishi akaishika akala ya mzee kwa mkono wa kushoto, akaisugua kwa brashi ya waya mpaka tope lililokaukia kwenye mikunjo ya mpira likaachia na kuangukia ndani ya karai. Kisha akageukia mguu wa pili. Jua la kaskazi lilikuwa halijapanda sana, na tayari mgongo ulikuwa unamuuma.

"Mama," alisema Galgalo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimetembea na ng'ombe zaidi kuliko watu, "mimi napita hapa tangu kijana. Hakuna mtu naosha mimi miguu. Sasa kila siku naoshwa kama maiti."

"Maiti halalamiki hivi, baba. Lete na fimbo."

Mzee akacheka, akampa fimbo, na Mishi akaiosha ncha yake. Ng'ombe wa Galgalo walikuwa wamebaki uwandani na vijana wake. Waorma na Wapokomo walikuwa wamekaa pamoja na kukubaliana kwamba mifugo iende kunywa kwenye malka ya juu, njia ya kushukia mtoni iliyo mbali na msitu, na walikubaliana bila kutupiana maneno, jambo ambalo watu wa Garsen walilisimulia kama muujiza. Mzee akapita. Mishi akanyoosha mgongo, akakaa.

Kilichoitwa geti kilikuwa boriti moja iliyolazwa juu ya panda mbili, kibanda cha makuti, pipa la maji ya dawa, karai na brashi. Kamati ya msitu ilipotafuta mtu wa kukaa hapo, wanaume wote waliangalia chini. Mishi alikuwa mjane, na kazi isiyotakwa na mtu alikuwa ameshaizoea, akasema atakaa yeye. Tangu siku hiyo kijiji kikampa jina, Mishi Mwosha Miguu. Wengine walilitaja kwa mapenzi na wengine kwa kejeli, na yeye alishachoka kuwatofautisha.

Nyuma yake, kati ya geti na mto, ulisimama msitu wa kijiji, mikuyu na mikindu, mbichi hata katika ukame huu. Mbele yake, ng'ambo ya uwanda, ulikuwa msitu wa Mtokale, mahali mto Tana ulipopita zamani kabla haujahama. Huko miti ilikuwa inakufa. Majani ya kileleni yalianza kuwa madogo, yakawa ya manjano, kisha matawi ya juu yakabaki mifupa. Shina likatoa utomvu mweusi karibu na ardhi. Halafu siku moja isiyo na upepo wowote mkuyu mkubwa ukalala chini wenyewe, mizizi imeoza kama muhogo uliosahauliwa shambani. Afisa wa misitu kutoka Hola alikuja, akachimba, akawaonyesha vijizizi vilivyogeuka vyeusi. Alisema ugonjwa unaishi ndani ya udongo na dawa ya kuuponya hakuna. Hauna miguu yake. Hutembea kwa miguu ya watu, kwa kwato, kwa majembe na mashoka, popote tope linapobebwa. Kinachowezekana ni kuuzuia usivuke.

Watu walielewa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa msitu wa kijiji ni nini: mto ukifurika, mizizi ile ndiyo inayoshika ukingo. Kijiji cha jirani kilichokata miti yake kilikuwa kimebaki jina tu, nyumba zilikwenda na maji. Lakini kuelewa ni jambo moja, na kuvua viatu kila asubuhi ni jingine. Mishi alisugua, akanuniwa, akasugua tena. Maji ya dawa yalimchana vidole mpaka akawa hawezi kukanda unga bila kuuma meno. Kila jioni alijipaka mafuta ya simsim, na kila asubuhi alirudi kuyaosha.

Kabla ya adhuhuri ikasikika sauti ya wanaume uwandani, wakiimba wimbo wa kuvuta. Mishi akasimama. Alikuwa amewangoja tangu alfajiri.

Walikuwa wanauleta mtumbwi wa kijiji. Ule wa zamani ulioza masika yaliyopita, na tangu hapo watoto walivuka kwenda shule juu ya chelezo cha mitungi ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, katika mto wenye mamba. Farid, mjukuu aliyelelewa na Mishi, alikuwa mmoja wao. Kila asubuhi alipoisikia sauti yake ikipotea njiani, Mishi alishindwa hata kumeza chai.

Jilo, kaka yake Mishi, fundi wa mwisho wa mitumbwi kijijini, alikuwa ameomba mkuyu mmoja wa msitu wa kijiji. Kamati ikakataa, mti mzima haukatwi wakati wenzake wanakufa. Basi akaenda Mtokale, akatafuta mkuyu ulioanguka huku moyo wake ungali mzima, akauchonga hukohuko msimu mzima, kwa mabega yaliyokuwa yameshamwambia apumzike. Alisema huu ndio wake wa mwisho. Alikuwa amewahi kusema hivyo tena na tena, lakini safari hii hakuna aliyembishia.

Mtumbwi ukafika getini juu ya magogo ya kuviringishia, mrefu, umekandikwa tope la kijivu tangu omo, mbele, hadi tezi, nyuma. Wanaume wakaziacha kamba, wakaanguka chini wakihema. Abduba, kijana aliyeongoza wavutaji, akaweka mguu wake kwenye karai bila kuambiwa.

"Shangazi, tufanyie haraka. Hii kitu ni nzito na jua linaipiga."

Mishi aliwaosha wote, mmoja baada ya mwingine. Magogo yakaachwa nje, mengine yalikuwa yamewekwa tayari upande wa ndani. Jilo alikuja mwisho. Alikuwa ameshaosha shoka lake na tezo lake la kuchongea yeye mwenyewe, akavionyesha vikimetameta.

"Hata kamba nimezichovya kwenye dawa," alisema. "Afisa angekuwepo angeniandika kazi."

"Ungekaa wewe hapa, mimi nikapumzike."

"Mimi siwezi miguu ya watu. Nawezana na miti."

Mishi akacheka, akainua boriti. Alimwonea kaka yake fahari, akataka kumwambia, lakini wanaume walikuwa wameshashika kamba. Mtumbwi ukasogea, ukapanda juu ya mzizi, ukashuka kwa kishindo. Kipande cha tope kikabanduka ubavuni, kikaangukia mguu wa Mishi na kupasuka.

Aliinama kukipangusa. Juu kilikuwa kikavu. Ndani kilikuwa kibichi, cheusi, na kimejaa vijizizi.

"Simameni," alisema.

"Kuna nini tena?" Abduba akauliza.

"Hili tope limetoka wapi?"

Jilo alimtazama kama mtu aliyeulizwa samaki anatoka wapi. "Mtokale. Pale kidimbwini, mti ulipoanguka. Ningelitoa wapi kwingine?"

Alipomaliza kusema, uso wake ukabadilika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amelifikiria. Tezo huoshwa, mguu huoshwa, lakini tope la mtumbwi kwa watu wa mto si uchafu. Ni nguo yake. Mti uliochongwa ungali mbichi hukandikwa palepale ili jua lisiupasue, na mtu hawezi kuuona mtumbwi mpya bila tope lake, kama asivyomwona mtoto mchanga bila nepi. Mishi mwenyewe, binti wa fundi na dada wa fundi, alikuwa amelitazama muda wote ule bila kuliona. Lilikuwa tope la kutosha kujaza kaburi, na yeye alikuwa anachokonoa nyufa za akala.

"Itabidi litoke," alisema.

"Tope la kwanza halivuliwi." Jilo alisema kwa upole. "Unalijua hilo, Mishi. Linakauka pamoja na mti, linaanguka lenyewe. Ukilivua kabla ya wakati, mti unapasuka. Baba alitufundisha sote."

"Baba hakuuona ugonjwa huu, kaka."

"Tutapita pole pole," Abduba akasema. "Tutaufunga turubai. Hata tonge halitaanguka."

"Limeshaanguka."

Kuno, jirani yake Mishi, mtu mpole asiyependa maneno, akasogea mbele. "Mishi, mtoto wangu alitumbukia mtoni juma lililopita. Nilimtoa kwa nywele. Ramadhani inaingia, nyuma yake masika, na mto ukishajaa hakuna chelezo kitakachovuka. Nyinyi mnalinda miti. Watoto anawalinda nani?"

Lile lilikuwa swali la Mishi mwenyewe la kila asubuhi. Alitamani kwa moyo wake wote tope lile lingeangukia upande mwingine, asilione. Njia nyingine ya kufika mtoni ilikuwa kuzunguka kinamasi cha viboko, na huko hata punda hawapiti. Akaishika boriti na kuirudisha mahali pake.

"Siwezi kuwazuia," alisema. "Niko peke yangu, na brashi. Mkitaka kupita mtapita. Lakini mkipita, kesho msinitafute hapa. Nitakuwa naosha nini?"

Wanaume wakatazamana. Mmoja akatema mate, akaenda kukaa mbali. Jilo aliusogelea mtumbwi, akaupapasa ubavuni pale kipande kilipobanduka, ambapo mti ulionekana mweupe na wenye unyevu.

"Kama ungekuwa wako," alimwuliza bila kumtazama, "ungesema hivyo?"

"Ni wangu pia. Farid yumo ndani yake."

Jilo akafuta jasho kwa ncha ya kikoi alichojitanda begani. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Abduba," alisema, "chukua wenzako mwende mtoni. Leteni tope safi na maji, mitungi yote iliyopo. Waambieni wanawake walete magunia na leso kuukuu. Jua likilegea tutauvua na kuuvisha upesi, labda hautatambua."

Hakuna aliyeamini kwamba mti hautatambua. Lakini fundi ndiye aliyesema, na mtumbwi ulikuwa kazi ya mikono yake. Wakaenda.

Alasiri walichimba shimo nje ya geti. Jilo alikataa mtu mwingine aanze. Alitia vidole chini ya tope la omo, akabandua pande la kwanza, akalitupa shimoni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemfunua maiti. Wengine wakafuata. Mtumbwi ulipobaki mtupu, mweupe, wanawake walisogea kuutazama, maana ulikuwa mzuri kuliko walivyodhani. Mishi aliusugua kwa maji ya dawa tangu omo hadi tezi, ndani na nje, kwa brashi ileile ya miguu. Upepo mkavu ulivuma kutoka uwandani muda wote huo. Jilo alisimama upande upepo unakotokea, amekitandaza kikoi chake, kana kwamba kikoi kimoja kingeukinga mti wa urefu ule. Kisha wakakandika tope jipya, wakafunika kwa leso na magunia yaliyolowa, wakauvuta kupitia msituni hadi kivulini karibu na bandari ya kijiji. Hakuna aliyeimba.

Siku zilizofuata Mishi alifunga geti jioni, akapita kumwagia mtumbwi maji kabla ya kwenda kupika. Jilo naye alikuja akamkuta hapo. Wakati mwingine aliweka sikio juu ya tope na kusikiliza, kisha akaondoka.

Ulipasuka wakati wa swala ya alasiri. Waliokuwa msikitini walisikia mlio mmoja mkavu kutoka bandarini, na kila mmoja akajua. Jilo alimaliza swala yake, akatoa salamu kulia na kushoto, akakaa kidogo na tasbihi. Alipofika, tope lilikuwa limeachana, na chini yake ufa ulianzia omoni ukapita hadi karibu na katikati. Kidole chake cha mwisho kiliingia.

Kijiji hakikumtukana Mishi. Pengine ingekuwa afadhali. Watu walikuja getini, wakainua visigino, wakatazama pembeni. Mke wa Kuno, aliyekuwa akimletea uji, akaacha kuuleta. Jilo alipita akirudi kutoka Kipini, alikokwenda kutafuta pamba na sifa, mafuta ya papa, ya kuuzibia ufa. Akanyoosha mguu, akaoshwa, akasema "Salaam alekum" kama anavyosema kwa mgeni. Usiku wa kuamkia Ijumaa Mishi aliamua kwamba ataacha kazi. Asubuhi akaamka, akabeba ndoo, kwa kuwa miguu ya watu haikuwa imeacha kuja.

Jioni moja akirudi nyumbani kupitia msituni aliinua macho bila sababu. Hatua chache ndani ya geti, karibu na dimbwi dogo, palikuwa na mkuyu aliokuwa amepita chini yake maisha yake yote. Majani ya kileleni yalikuwa madogo. Mengine yalikuwa ya manjano. Alisimama akiyatazama mpaka shingo ikamuuma. Mkuyu hupukutisha majani wakati wa ukame, kila mtu anajua. Tena ng'ombe walikuwa wakipita hapa miaka mingi kabla geti halijawekwa, na ni nani aliyeziosha kwato zao? Alichuchumaa, akapapasa shina karibu na ardhi. Palikuwa na unyevu, au vidole vyake vilikuwa bado na maji ya dawa. Giza lilikuwa linaingia. Alihisi uchovu ambao usingizi hauuondoi, akaenda zake, na hakumwambia mtu.

Jilo alibisha hodi nyumbani kwake Ramadhani ilipokaribia mno.

"Kesho asubuhi tunavuka," alisema akiwa mlangoni.

"Nani?"

"Mimi na wewe. Sina mwingine."

Mishi alielewa. Kwa mafundi wa mto, mtumbwi mpya huvushwa kwanza na aliyeuchonga pamoja na mtu wa damu yake, ili asithubutu kuwapa watu kitu ambacho asingempandisha mtu wake. Jilo hakujaliwa mtoto. Mishi alitaka kumwuliza kama ameshamsamehe, akaona aibu, akamwuliza kama amekula. Akasema amekula.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Mtumbwi ulikuwa umelala nusu majini, umepakwa sifa, unanuka samaki, na ufa wake umekalafatiwa kwa pamba mstari mzima.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," alisema bibi mmoja, kwa ajili ya kumpa Jilo moyo.

"Tungoje kwanza tuone kama vitaelea," mwingine akamjibu, na watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Farid alikuwa amesimama na wanafunzi wenzake, sare zimeshavaliwa, vitabu kichwani.

Mishi akapandisha leso, akaingia, akakaa karibu na omo pale ufa ulipoanzia. Jilo akampa kata ya kukumbia maji, akasukuma, akaruka ndani na upondo wa kusukumia. Mtumbwi ukayumba, ukatulia, ukaelea. Ukingoni mtu mmoja akasema Alhamdulillahi kwa sauti ya chini.

Maji yalianza kuingia kabla hawajafika mbali. Yalipita kwenye pamba taratibu, matone, kisha kijito chembamba.

"Pamba ikinywa maji itavimba," alisema Jilo. "Itaziba. Ipe muda."

Mishi akaanza kukumba. Vidole vilimuuma alipoikaza kata. Nyuma yake alisikia upondo ukizama, ukigusa chini, ukitoka. Walipofika mahali mkondo unapovuta, Jilo akaongea, bila haraka, kama anayeuliza habari za shamba.

"Ule mkuyu wa karibu na dimbwi. Umeuona?"

Kata ikasimama mkononi mwake. "Nimeuona."

"Nilipita jana."

Upondo ukazama, ukatoka.

"Huenda ni jua," alisema Jilo.

"Huenda."

Maji ndani ya mtumbwi yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ya Mishi, na hakuweza kujua kama yanapanda bado au yameacha. Ukingo wa pili ulikuwa mbali. Mishi akaizamisha kata, akaijaza, akamwaga nje, akaizamisha tena.